Mngurumo wa Maikrofoni

Kila asubuhi Kalista, mwanafunzi wa darasa la sita huko Mlandege, mjini Iringa, alifagia ofisi ya walimu na kupangusa amplifaya ya shule, mashine ya kukuza sauti. Siku moja ya Machi 1975 alijikwaa kwenye waya wa umeme wa amplifaya hiyo, nao ukachomoka ndani ya plagi. Aliogopa viboko. Akaifungua plagi kwa ncha ya kisu, akazirudisha nyaya tatu kwa kubahatisha, akanyamaza.

Tangu hapo amplifaya ilinguruma. Mtu akisema kwenye maikrofoni, sauti yake ilimezwa. Kesho yake, Kalista alipoipangusa ikiwa imewashwa, vidole vilimchoma kama vimeguswa na upupu. Hakumwambia mtu.

Siku ya wazazi ikafika. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, sakafu ya ukumbi imelowa, na wazazi walikwisha kuketi kwenye mabenchi. Mwalimu Ambrosi alikuwa amemwita Harilal, fundi redio wa mjini, aitazame amplifaya iliyoletwa ukumbini.

Harilal, mzee aliyevaa viatu vya soli nene za mpira, alibadilisha maikrofoni. Ikanguruma. Akabadilisha waya wake. Ikanguruma vilevile. Akauchomeka kwenye tundu jingine. Mngurumo ukazidi.

"Ajabu," alisema. "Kila kifaa kizima. Mwalimu, kuna mtu amefungua kitu?"

"Anayeishika amplifaya ni Kalista tu, Ndugu Harilal. Kalista, ulifungua chochote?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi tuijaribu kwa sauti ya mtu," alisema Mwalimu Ambrosi. "Lusia, njoo uimbe."

Lusia, rafiki mkubwa wa Kalista, alikuja peku, akikanyaga maji. Sare yake ilikuwa inachuruzika. Amplifaya ilinguruma kama mnyama aliyefungiwa. Lusia akanyoosha mkono kuishika maikrofoni.

"Lusia, usishike!" Kalista alipiga yowe. "Nilifungua plagi! Ilinichoma!"

Harilal aliruka, akazima swichi ukutani. Alipoifungua plagi, uso wake ulibadilika.

"Waya wa ardhini, ule wa kumkinga mtu, umechomoka, umelalia waya wenye umeme," alisema polepole. "Chuma chote kina umeme, mpaka maikrofoni. Mimi nimeokolewa na viatu hivi vya mpira. Mtoto huyu angeanguka hapa, mbele ya mama yake."

Lusia alirudi nyuma.

Harilal alirudisha kila waya mahali pake, akakaza skrubu tatu. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Alipowasha tena, mngurumo haukuwapo.

"Nisamehe, Mwalimu," Kalista alisema akilia. "Niliogopa viboko."

"Mwombe Lusia kwanza," alijibu Mwalimu Ambrosi. Kalista alipokwisha kumwomba, Mwalimu aliwageukia wanafunzi wote. "Kujikwaa si kosa. Kosa ni kuficha, na kosa kubwa zaidi ni kusema 'hapana' fundi alipouliza. Fundi angewezaje kujua ubovu uliofichwa? Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo. Aibu yake utaisahau. Mwenzako akifa, hutamsahau."