Somo la Ulimi

Jioni moja mwaka wa sitini na nane, Mwalimu Mogire alikuwa akirudi kutoka Keroka na chupa ya mafuta ya taa alipoona mbwa aliyekanyagwa na lori. Mtu mwenye akili zake angeziba pua apite. Yeye alichuchumaa, akavuta harufu hadi machozi yakamtoka.

Kisa? Alitaka kuandika hadithi ya kutisha. Aliwahi kumsomea mkewe Bonareri, mwenye mimba ya kwanza, hadithi yake ya mizimu, na Bonareri akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwalimu, huyo mzimu wako ananukia sabuni!"

Maneno hayo yalimchoma. Hakuwa na wa kumfundisha, basi akaamua kujifundisha mwenyewe. Kila jioni uchafu mmoja. Aunuse, aushike, auguse kwa ulimi, kisha aandike. Ptuu! Hata kusimulia tu kunanitia kichefuchefu.

Baada ya mbwa yule, akahamia kwa panya aliyeoza. Akaja kwenye usaha wa kwato za ng'ombe mgonjwa. Akatapika, akaandika, akatapika tena. Lakini tumpe haki yake, hadithi ilianza kunoga.

Kisha jioni moja akakuta somo limeshaandaliwa. Nyuma ya jiko, juu ya jani la mgomba, palikuwa na kipande cha nyama kilichogeuka kijani, kikichezacheza kwa funza. Akasema moyoni, ni paka huyo. Kesho yake, jani jipya. Nyama nyingine.

Hakuuliza. Alionja.

Na kumbe siku hizo hatapiki tena.

Jirani yake, bibi kizee Nyangate, alimkuta pale akilamba vidole. Akasimama ng'ambo ya ua, asithubutu kusogea.

"Mwalimu, mwanangu," akanong'ona, "nani anakufundisha?"

"Najifundisha mwenyewe, mama. Ni mambo ya kuandika tu."

"Hayo hakuna anayejifundisha mwenyewe. Mchawi, huyo omorogi, hazaliwi na uchawi wake. Hulishwa kidogo kidogo mpaka mdomo uzoee." Akalitazama lile jani. "Na somo la mwisho huwa ni mtu wa nyumbani kwake."

Mogire alicheka, akaingia ndani.

Baada ya chakula alimsomea Bonareri hadithi nzima. Safari hii hakucheka. Aliziba pua kwa leso, akarudi nyuma hadi ukutani, mkono juu ya tumbo.

"Umeogopa?" Mogire akauliza kwa furaha.

"Hadithi haina neno," Bonareri akanong'ona. "Ni mdomo wako... Mwalimu, mdomo wako unanuka kaburi."

Lo! Furaha ikamwisha palepale. Alimpenda mkewe kuliko hadithi zote duniani. Alikimbilia jikoni, akatupa karatasi zote motoni, akasugua meno kwa majivu mpaka ufizi ukatoka damu. Akaapa kwa Mungu wake kwamba ameacha.

Nje, nyuma ya jiko, kitu kikaburuzwa.

Chwaa... chwaa...

Akachungulia. Hapakuwa na mtu. Jani la mgomba lilikuwa bichi, bado linatoka utomvu. Juu yake palikuwa na nywele za Bonareri, zile alizonyoa asubuhi, pamoja na vipande vya kucha zake, vyote vimepakwa mafuta vizuri.

Mogire alitaka kupiga kelele, amwite mkewe, amwambie akimbie kwao usiku huohuo. Akafungua mdomo. Sauti haikutoka.

Mdomo ulikuwa umejaa mate.