Mchoro wa Silanga ya Kotile

Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, simu ya Hooyo Kaaha ilikuwa lazima ilie. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na Kaaha alikuwa mama yake Idil. Mikono yake ikiwa imejaa unga wa sambusa mpaka kwenye viwiko, hakuhangaika kuipokea. Alijua simu hiyo si yake.

"Idil! Awoowe wako huyo!"

Idil alikuja mbio na daftari lake. Awoowe ni babu, na wazee wa huku humwita mjukuu kwa jina hilo hilo, kwa hiyo wawili hao walikuwa wakiitana awoowe kwa awoowe mpaka mgeni angechanganyikiwa asijue nani mkubwa.

"Awoowe, andika. Maji yamefika alama ya tisa."

"Ijumaa iliyopita ilikuwa kumi na moja, awoowe."

"Najua. Si mimi ndiye niliyeingia kwenye matope? Andika tisa."

Basi Idil aliandika tisa.

Awoowe Dubow aliishi Kotile na ng'ombe wake. Shule hakusoma, ila madrasa kidogo, tena anasema mwenyewe alikuwa akisinzia. Lakini alikuwa na ufito mrefu aliouchonga alama kwa kisu, na kila Ijumaa aliuchomeka katikati ya silanga, lile bwawa la kuchimbwa ambalo kijiji kizima hunyweshea mifugo. Zamani mtu mrefu angesimama humo na maji yakamfunika kofia. Siku hizi tope limejaa, mbuzi anavuka bila kulowesha tumbo. Mto Tana hauko mbali sana, ni kweli, lakini mto una mamba, na kando yake kuna mashamba ya watu. Ng'ombe akila mahindi ya mtu, hapo kunazuka maneno ambayo hayaishi leo wala kesho.

Idil alikuwa na miaka kumi na tatu, gredi ya nane, katika shule moja mjini Garissa karibu na soko la mifugo. Mwezi wa tano Mwalimu Leyla, aliyesimamia klabu ya kompyuta, aliwaletea habari. Maafisa wa mradi wa maji wangekuja mwezi wa saba kuchagua silanga moja tu ya kuchimbuliwa kabla ya mvua. Kila kijiji kingepewa dakika kumi kuonyesha shida yake.

Idil alisimama hata kabla mwalimu hajamaliza. "Mwalimu, mimi nina vipimo vya Kotile vya wiki ishirini na sita. Nitavichora kwa kompyuta, ule mstari unaopanda na kushuka."

"Wewe?" akasema Shuaib, kijana wa dawati la nyuma, mwenye ulimi mwepesi. "Juzi si ulikuwa unatafuta pa kuwashia kompyuta?"

Darasa likacheka.

"Nitachora," Idil akamjibu. "Na wewe utakuja kunishikia waya."

Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka Shuaib. Mwalimu Leyla akaandika jina la Idil, na habari ikafika Kotile siku hiyo hiyo. Wazee wakaambiana kwamba mjukuu wa Dubow atawasemea kwa kompyuta. Hawakutafuta mtu mwingine.

Sasa, kuchora kwenyewe. Klabu ilikuwa na kompyuta moja nzuri, na katika lugha ya kompyuta ya Python kuna kifurushi cha kuchorea kinachoitwa Matplotlib. Hakiji na kompyuta, lazima ukivute kutoka mtandaoni. Idil alikivuta kwa intaneti ya simu ya mwalimu, akaandika pip install matplotlib kama alivyofundishwa, na mistari ikateremka mingi mpaka mashine ikasema imemaliza. Akafurahi. Akaandika programu yake, akaingiza vipimo vyote ishirini na sita, akaiendesha.

Mashine ikamjibu kwa maandishi mekundu kwamba haijui kitu kinachoitwa matplotlib.

Idil akadhani hakikushuka vizuri. Akakivuta tena. Mashine ikamwambia hakuna haja, kifurushi kipo tayari. Akaendesha programu tena. Hakipo. Hebu fikiria! Mdomo mmoja unakuambia kipo, mwingine unakuambia hakipo, na yote ni kompyuta ile ile. Idil alifanya hivyo wiki nzima. Aliizima na kuiwasha. Alibadilisha jina la programu. Siku moja hata alisoma Bismillahi na kubonyeza polepole kwa kidole kimoja, labda mashine itamhurumia.

Haikumhurumia.

Mwalimu Leyla alipita nyuma yake jioni moja na vitabu kwapani. "Idil, mchoro umefika wapi?"

Shuaib alikuwa dawati la jirani, sikio limesimama kama la sungura.

"Uko sawa, mwalimu."

Sasa lazima nieleze jambo moja la watu wetu. Ukikutana na mtu njiani ukamuuliza habari, kwanza anakujibu nabad, yaani amani, hata kama ng'ombe wake wanakufa mmoja mmoja. Huo si uongo, ni adabu. Kisha mnakaa, mnakunywa chai, na hapo ndipo habari yenyewe inatoka: mvua iko wapi, nani mgonjwa, mnyama gani amepotea. Mwalimu Leyla ni mtu wa huku huku. Alisikia "uko sawa", akasimama kidogo kungoja habari yenyewe. Haikuja. Idil aliinamisha kichwa akajifanya anaandika, na mwalimu akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata Awoowe Dubow alisema alama ni sita, akauliza kuhusu mchoro.

"Uko sawa, awoowe," akasema Idil.

Alijiambia kesho atasema. Kesho ikawa keshokutwa. Mtu akishasema sawa mara mbili, ya tatu inakuwa nyepesi, na kusema ukweli kunakuwa kuzito kama kumvuta ng'ombe kutoka kwenye tope.

Siku ya mkutano ikafika. Ukumbi ulijaa, feni za darini zilizunguka bila kuleta upepo, joto la Garissa mnalijua. Awoowe Dubow alikuwa amefika asubuhi kwa lori la mbuzi, ndevu amezipaka hina mpya, shuka amelitupia begani. Alikaa mstari wa mbele kabisa. Aliwaambia waliokaa karibu naye, mmoja mmoja, kwamba msichana yule mwenye hijabu ya buluu ni wake.

Kijiji cha kwanza kilileta karatasi ya manila. Kijana wao alikuwa amechora kwa kalamu nene, mstari umepinda pinda, lakini ulionekana mpaka nyuma ya ukumbi. Bwana Daud, mkuu wa wale maafisa, aliitikia kwa kichwa akaandika.

Kisha ikaitwa Kotile. Idil akaunganisha kompyuta na projekta ya kumulika ukutani. Moyoni alikuwa akiomba Mungu aifungue leo tu, leo moja tu. Akabonyeza.

Maandishi mekundu yakajaa ukuta mzima, makubwa, kila mtu akayaona.

"Ni nini hiyo?" akauliza Bwana Daud.

"Bado... bado kidogo," akasema Idil. Akabonyeza tena. Mekundu tena.

Mwalimu Leyla alikuja mbio kutoka nyuma, alikokuwa amekaa na wanafunzi wa klabu. Akaangalia ukuta, akamwangalia Idil, akaelewa, lakini dakika zilikuwa zinakwenda. Akaanza kuvisoma vile vipimo kwa sauti: kumi na tisa, kumi na nane, kumi na nane... Ukimsomea mtu namba zaidi ya thelathini kwenye joto kama lile, ya kumi amesahau ya kwanza. Afisa mmoja alitazama saa yake.

Awoowe Dubow akasimama. Kiswahili chake ni cha sokoni, na p humtoka kama b. "Bwana mkubwa, maji iko chini sana. Mimi nabima kila Ijumaa. Nabima na mti."

"Tunakuamini, mzee," akasema Bwana Daud kwa upole. "Lakini tunahitaji kuona. Muda wenu umekwisha."

Mzee akakaa. Hakumwambia tena mtu yeyote kwamba yule msichana ni wake.

Uchimbaji ulipewa kile kijiji cha karatasi ya manila.

Alasiri hiyo Idil alikaa kwenye chumba cha klabu, akalia mpaka hijabu ikalowa. Mwalimu Leyla akavuta kiti. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Hii shida imeanza lini?"

"Mwezi wa tano, mwalimu."

"Mwezi wa tano!" "Haya, sogea nione."

Akaandika maneno mawili matatu, akasoma. "Unaona? Humu ndani kuna Python mbili. Moja ya zamani, waliiweka walimu waliotangulia, na moja mpya. Wewe mtaani kwenu si kuna akina Abdihafid wawili?"

"Ndiyo. Abdihafid Mrefu na Abdihafid wa duka."

"Nikimtuma mtoto apeleke mtungi wa maziwa kwa Abdihafid, nisiseme yupi?"

"Ataupeleka kwa yeyote."

"Basi. Wewe mtungi umeupeleka kwa Python ya zamani, halafu unakwenda kuudai kwa mpya. Yule wa zamani akikuambia anao, hasemi uongo. Na huyu akikuambia hana, pia hasemi uongo."

Akamwonyesha kuandika python -m pip install matplotlib pale pale programu inapoendeshwa, ili kifurushi kiingie kwa Python inayokihitaji. Wakangoja. Idil akaendesha programu. Maandishi mekundu hayakutokea. Lakini mchoro pia haukutokea. Kimya.

"Imekufa tena!" akasema Idil.

"Haijafa. Umeiambia ichore, imechora. Umeiambia ionyeshe?"

Idil akaangalia mstari wa mwisho wa programu yake. Akaongeza plt.show() chini kabisa, akabonyeza.

Dirisha likafunguka. Mstari wa buluu ulianza juu kushoto, ukateremka wiki kwa wiki mpaka karibu na sakafu. Hata mtoto wa chekechea angeuelewa. Yote hayo hayakuchukua nusu saa.

Wakautazama kwa muda, hakuna aliyefurahi.

"Na hata hii mashine ingekataa kabisa," akasema Mwalimu Leyla, "tulikuwa na kalamu, na manila iko kabatini. Tungechora kwa mkono tangu mwezi wa sita. Mimi pia nina kosa. Nilikusikia ukisema sawa, na roho yangu ikakataa, nami nikaenda nyumbani."

Walituma mchoro kwa maafisa jioni ile. Jibu lilikuja baada ya siku nne, kwa adabu: mchoro ni mzuri, ila orodha imefungwa. Kotile waombe tena mwaka ujao.

Mvua ya mwisho wa mwaka ilinyesha vizuri, alhamdulillahi. Na hilo ndilo lililouma zaidi. Kile kijiji kingine kilipata maji ya kutosha miezi mingi. Silanga ya Kotile, iliyojaa tope, ilifurika kwa siku mbili, maji yakamwagika porini, na yaliyobaki hayakumaliza hata wiki tano. Shule zilipofungwa Idil alikwenda kwa babu yake, na alipofika ng'ombe walikuwa wameshaanza kwenda mtoni. Ndama wawili walikuwa wamechukuliwa na mamba. Mmoja wao alikuwa wa Awoowe Dubow.

Mzee alimpeleka Idil mpaka kwenye silanga. Tope lilikuwa limepasuka vipande vipande, unaweza kuvinyanyua kama sahani.

"Awoowe, ni mimi," akasema Idil. "Nilijua tangu mwezi wa tano kwamba haifanyi kazi. Kila ulipouliza nilikudanganya. Niliogopa watanicheka."

"Walikucheka?"

"Siku ya mkutano hakuna aliyecheka. Hata Shuaib hakucheka."

Mzee akachuchumaa, akashika kipande cha tope, akakivunja mkononi.

"Nilikasirika," akasema. "Usiku ule kwenye lori nilikasirika sana. Sasa imekwisha. Lakini sikiliza nikuambie. Mimi nilipokuwa mdogo kama wewe nilipoteza ng'ombe wa mjomba wangu. Ningemwambia asubuhi, kijiji kizima kingetoka, nyayo bado mbichi, tungempata kabla ya adhuhuri. Niliogopa fimbo, nikasema jioni. Tulitafuta siku tatu, tukakuta pembe. Na fimbo nilipigwa vile vile."

Idil alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Kutojua si aibu, awoowe. Mimi sijui hata kusoma jina langu, na nimefika umri huu. Lakini ulipokwama na ukanyamaza, hukukwama peke yako. Ulitukwamisha sote, na sisi hatukuwa na habari. Mwaka ujao tutaomba, na mchoro tunao, labda watatupa. Yule ndama harudi. Siku nyingine ukikwama, sema siku ile ile, nyayo zikiwa mbichi, hata kama kuna mtu wa kukucheka."