Cheo cha Nani?

Boti yangu haikununuliwa na mwanamume yeyote. Naliweka hilo mbele kabla hamjaanza kuniuliza. Niliinunua mwenyewe, ya faiba, ndogo, pamoja na tela lake la magurudumu mawili, kwa kaa niliowatoa kijijini Moa miaka mitatu mfululizo nikiwapakia kwenye bodaboda. Mutasim, aliyekuwa mume wangu, aliwaambia watu kwamba itaoza uani kabla sijaishusha majini mara kumi. Nikampelekea salamu kwamba aanze kuhesabu.

Lakini kusema kweli, jua la mtaani kwetu Nguvumali lilikuwa limeanza kuila. Rangi ilipauka, ukingoni zikatokea nyufa nyembamba, na masika yalikuwa yanabisha hodi. Boti ikijaa maji ya mvua ikiwa juu ya tela, uzito ule huipasua tumbo. Nilihitaji turubai, tena turubai la maana.

Futi kamba sina na siitaki. Marehemu baba alikuwa fundi wa vyombo, na kila kitu alikipima kwa pima: unanyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole. Pima ya mtu si ya mwingine, kwa hiyo ukimpelekea fundi hesabu, unampelekea na kamba yako. Nikanyoosha uzi wa nyavu kifuani, nikaukata, nikapima boti. Urefu pima tatu na shibiri mbili. Upana pima moja na shibiri moja. Nikaandika kwenye karatasi na kutoka.

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwenye kibanda cha Zabron, fundi turubai. Mlango ulikuwa nusu wazi. Ndani hapakuwa na taa, ila cherehani ilikuwa inalia.

Aliyekuwa anashona hakuwa Zabron. Alikuwa mtu mwembamba wa kanzu, amenipa mgongo. Nilitoa salamu. Hakuitikia, ila cherehani ikanyamaza, nami nikachukulia kwamba nimekaribishwa. Kulikuwa na harufu ya karafuu maiti humo ndani. Nikadhani Zabron ameiweka kufukuza wadudu kwenye nguo.

Nikamweleza shida yangu. Yale maturubai ya bluu siyataki, nikasema, jua huyavunja kama biskuti kabla ya mwaka. Nataka lile zito la kijani wanalofunikia malori, lenye matundu ya chuma ya kupitishia kamba, na lishonwe liinuke katikati maji yasituame. Alisikiliza. Kisha akavuta kitambaa kutoka chini ya meza, akakiinua bila kugeuka.

Kilikuwa cheupe. Cheupe kabisa katika kiza kile.

"Hiki hakijawahi kurudishwa," alisema, kwa sauti ya chini sana.

Nikamwambia vizuri, lakini cheupe kitachafuka, anishonee cha kijani. Nikamwekea karatasi na uzi wangu mezani. Karatasi hakuigusa. Uzi aliupokea kwa viganja vyote viwili, polepole, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Cheo cha nani?"

Kwetu cheo ni kipimo, hata kama siku hizi watu wakilisikia neno hilo wanawaza ukubwa wa ofisini. Nami napenda mzaha, nikacheka.

"Changu," nikasema. "Mimi ndiye mkubwa wa boti."

Cherehani ikaanza tena kabla sijavuka kizingiti.

Kesho yake mchana Zabron akanipigia simu. Aliniuliza mbona sijampelekea vipimo kama tulivyokubaliana. Nikamwambia nimempa mtu wake jana magharibi. Kisha akasema hana mtu, na jana alishinda Horohoro akifuata mzigo, kibanda kilikuwa na kufuli tangu alfajiri.

Nilimtukana kidogo, nikidhani ananitania. Jioni ile nikaenda uani kuangalia boti, na ndani yake, juu ya kibao cha kukalia, nikakuta furushi.

Nguo nyeupe. Zimekunjwa vizuri. Harufu ile ile...

Nilipoligusa, baridi ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Si baridi ya upepo. Ilikuwa baridi ya kisima, na iliishia kwenye vifundo vya miguu, ikatulia hapo kana kwamba nimesimama majini.

Nikalibeba mpaka kwa shangazi Bimdogo. Shangazi ni mwosha maiti, amewaosha wanawake wa mtaa wetu tangu kabla mimi sijaolewa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye furushi. Alilifungua yeye mwenyewe, akazitandaza nguo mkekani moja baada ya nyingine. Akahesabu kwa midomo bila sauti. Akarudia.

"Tano," alisema. "Sanda ya mwanamke, Nasma. Nani kakuchukua cheo?"

Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye habari ya pima, akaninyanyua mikono, akaninyoosha, akapitisha kamba ya mkeka kutoka kidole hadi kidole. Kisha akaishusha ile kamba kutoka utosini kwangu hadi kisigino. Ilikuwa sawasawa, haikuzidi wala kupungua.

"Pima ya mtu ndiyo kimo chake," alisema. "Maiti akilala, twamnyooshea uzi utosini hadi kisigino, wapelekewa wachimbao kaburi. Uzi huo ndio cheo. Nawe umeulizwa cha nani, ukasema changu. Kwa ulimi wako, mwanangu."

Baridi ilikuwa imefika kwenye magoti tulipomaliza kuongea. Shangazi alilia, nami kulia kwake kuliniogopesha kuliko sanda yenyewe. Alinishauri nirudi kule na ubani na maji ya marashi, nipige magoti mlangoni, niseme nimekosa, nihurumiwe. Nikamwambia nitarudi. Magoti sipigi. Mtu ameniuliza swali kwa hila halafu mimi ndiye nimwombe radhi?

Usiku ule sikulala, na sioni haya kusema niliogopa. Asubuhi baridi ilikuwa mapajani, natembea kwa kushika ukuta. Saa nne ukaingia ujumbe kwenye simu. Alikuwa Mutasim: *Nasikia miguu inakusumbua. Pole. Boti utamwachia nani?*

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote isipokuwa shangazi, na shangazi hajasema na Mutasim tangu talaka.

Magharibi Zabron akanipeleka kibandani kwa bajaji, furushi mapajani. Baridi ilikuwa imefika kiunoni. Kufuli lilikuwa mlangoni, limefungwa, ufunguo uko mkononi mwa Zabron.

Na ndani, cherehani ilikuwa inalia.

Zabron akaanza kusali kwa Kibondei, akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, mpaka akagota kwenye bajaji. Simlaumu. Nikamwambia asifungue. Nikajikokota mpaka mlangoni, nikaegemea mbao, nikapenyeza furushi lile chini ya mlango. Halikuhitaji kusukumwa. Lilivutwa kwa nguvu, likaniparuza vidole.

Cherehani ikanyamaza.

"Imerudishwa," nikasema. "Sasa unayo moja iliyorudishwa. Nataka uzi wangu."

"Niliuliza," sauti ikasema, karibu sana, upande wa pili wa ubao. "Ulijibu."

"Nilijibu habari ya boti. Ulijua ni boti. Karatasi ulikuwa nayo mezani."

Harufu ilikuwa inatoka kwenye nyufa, nzito, inawasha macho. Baridi ikapanda kifuani, pumzi ikawa fupi.

"Cheo hakirudi kitupu," ikanong'ona. "Nipe jina jingine, Nasma. Hata sasa hivi. Nitaandika hilo, nawe uende zako."

Sikuwa nimemtajia jina langu.

Nisiwadanganye, jina lilikuja. Lilikuja mpaka kwenye meno. Mutasim. Herufi chache tu, na nani angejua? Nilikumbuka ujumbe wake, na mwaka alioniacha na mimba iliyoharibika, na jinsi alivyocheka siku nilipoleta boti. Nilimchukia vya kutosha. Namchukia hata leo. Lakini yule mle ndani alikuwa ananitega mara ya pili kwa swali lile lile, cha nani, cha nani, na mimi sikuwa tayari kuwa karani wake.

"Sina jina la kukupa," nikasema. Meno yalikuwa yanagongana. "La mtu nimpendaye, sina. La mtu nimchukiaye, sina. Uzi ni wangu. Ulete."

Nilisikia mkasi. Mara moja tu.

Halafu uzi ukatoka chini ya mlango, umelowa, ukaniangukia kwenye vidole vya miguu. Baridi ikashuka kifuani, ikashuka kiunoni, mapajani, magotini. Nikavuta pumzi moja ndefu, nikakaa pale pale chini kwenye vumbi. Zabron alipothubutu kufungua, hapakuwa na mtu, na cherehani yake ilikuwa imefunikwa gunia kama alivyoiacha. Mpaka leo hajajua ni nani, wala mimi. Mutasim nilimuuliza kwa simu nani alimwambia habari ya miguu yangu. Akaapa hajawahi kunitumia ujumbe. Ujumbe ninao.

Turubai la kijani Zabron alilishona wiki ile ile, kwa futi kamba. Linainuka katikati, maji yanateleza yenyewe. Masika yamepita na boti haijapata tone la mvua, nami nimeishusha majini zaidi ya mara kumi, Mutasim ahesabu akitaka.

Uzi ule niliupima siku ile niliorudishiwa, kwa mikono yangu. Umepungua shibiri moja.

Nilienda hospitali, wakanipima kimo. Sijafupika. Ila kuanzia vifundoni kushuka chini, miguu yangu haijapata joto tena. Naichovya kwenye maji ya moto, ngozi inababuka, na mimi sihisi kitu. Shangazi akiishika hugeuza uso, kwa kuwa ameshashika miguu ya namna hiyo mara nyingi, na anajua ni ya watu gani.

Kila magharibi nikifunga kamba za turubai, kwa miguu hiyo hiyo isiyohisi moto, nasikia vidole viwili baridi vikinipapasa visigino, taratibu, kama vinatafuta mahali pa kuanzia kupima. Siangalii chini. Namwambia miguu ameshaichukua, na bado natembea nayo.