LAPTOPU YA MJERUMANI ILIVYONIPA JINA LA MWIZI

"MWIZI! Huyu mnayemwona hapa ni mwizi!"

Huyo ni Nicodemo, kaka yangu wa tumbo moja. Tuko nje ya kanisa hapa Tlawi, watu ndiyo wanatoka misa... kanikaba kola ya shati!

"Kaka, niachie. Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Waambie umeiuza kwa nani!"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Ngojeni niwaeleze, maana mmesikia upande mmoja tu.

Naitwa Gidion. Nanunua laptopu za kizamani, zile nene kama tofali, kwa watu wa Ulaya. Nazifufua, nawauzia wazungu wengine wanaozikusanya. Chekeni tu, hata kaka alicheka.

Safari hii nilipata mashine adimu kwa Mjerumani mmoja, ila mfuko ulikuwa mtupu. Nicodemo akauza mmoja wa maksai wake wawili wa kulimia, tukawa wabia.

Ilifika posta Mbulu imekufa kabisa. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imevuja, kutu imekula nyaya. Nikasugua kwa mswaki na spiriti, nikachomelea upya... ikawaka! Mholanzi mmoja akasema anaitaka.

Tatizo lilikuwa ukungu ndani ya kioo.

"Mama, hii baridi yetu itaniulia mashine," nilimwambia. "Ikipata unyevu tena, basi."

Nikaenda Katesh kutafuta boksi zuri la kuisafirishia. Narudi... meza tupu!

Mama hayupo. Dada yetu kajifungua kule Gitting, mama kaondoka mbio kwenda kumwogesha na kumpikia uji. Na nani angemuuliza mama? Mama hajawahi kugusa hata redio!

Mholanzi akachoka kusubiri, akanunua nyingine.

Msimu wa kulima ukaingia. Maksai mmoja havuti plau, kwa hiyo Nicodemo akalima kwa jembe la mkono, viganja vikatoka malengelenge. Jioni anakuja jikoni kwa mama kuota moto.

"Umekula maksai wangu!" ananiambia huku anachochea kuni.

"Kaka, naapa sijui ilipo."

"Apia wenzako!"

Hakuishia hapo. Baada ya kunikaba pale kanisani, alikwenda mpaka kwa baba yake Letisia, mchumba wangu, akamwambia asimpe mwizi binti. Letisia akanibloku. Niliumia, wadau. Nililia kama mtoto.

Mtoto wa dada alipopata nguvu, mama akarudi, akatukuta jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona mmenuniana?"

"Muulize huyu mwizi laptopu iko wapi!" Nicodemo akafoka.

Mama akashangaa.

"Si iko hapo juu!"

Akapanda ngazi. Akapapasa darini, juu kabisa ya moto, katikati ya mahindi ya mbegu.

"Gidi alisema unyevu utaiua. Mbegu zangu nakausha hapa kwa moshi, haziozi, haziliwi na mdudu. Nikaona niiweke mahali pazuri."

Akanikabidhi kwa mikono miwili.

Ganda limepinda. Kioo kimeiva, cheusi tii. Masizi kila tundu.

Yaani siku zote hizo Nicodemo alikuwa anachochea kuni chini ya mashine yetu, huku ananitukana mimi!

"Imekauka?" mama akauliza, anatabasamu.

Nikafungua mdomo. Nicodemo akanibana mkono, machozi yanamlengalenga.

"Imekauka, mama," akasema. "Imekauka vizuri."

Tulipotoka nje akapiga magoti. Nikamwinua. Tukaenda wote kwa kina Letisia, tukakuta wageni walioleta posa ya mwanamume mwingine wameshakunywa na kuondoka. Baba yake hakutukaribisha hata kukaa.

Naandika huku kwa sababu mama hana simu. Mnaomfahamu, tafadhali msimwambie. Akijua ni yeye aliyeiua, atajilaumu mpaka kaburini.

Somo? Kitu kikipotea nyumbani, uliza kila mtu, hata yule unayedhani hajui chochote. Neno mwizi ukishalitamka mbele za watu si lako tena.

Nicodemo anajaribu kulirudisha. Anapita nyumba kwa nyumba: "Gidion si mwizi, nilikosea." Wakimuuliza laptopu basi ilikwenda wapi, ananyamaza kwa ajili ya mama.

Wanaitikia kwa heshima, wanamkaribisha chai. Akitoka tu mlangoni, wanaambiana:

"Kumbe wameshagawana."