Soketi ya Gari la Mjane

Rafiki yangu, fundi umeme, aliitwa na mjane aliyeishi kwenye gari lenye vitanda na jiko. Kila mjane alipogusa mlango wa gari, shoti ilimrusha.

Fundi akaropoka, "Marehemu mumeo alikosea nyaya, mama."

Mjane akainamisha kichwa.

Lakini alipofungua soketi ya ukuta wa nje iliyolisha gari umeme, fundi alikuta waya wa moto, wenye umeme, umefungwa mahali pa waya wa ethi, ule wa usalama. Soketi hiyo aliifunga yeye fundi mwenyewe, siku za nyuma. Uso ukamshuka kwa aibu. Akazima umeme, akachomoa kebo, akarekebisha nyaya.

"Nisamehe, mama. Kosa ni langu."

"Usiniombe mimi," mjane akanong'ona.

Nyuma ya mapazia, kwenye giza la gari tupu, kikasikika kikohozi cha mwanamume anayesubiri kuombwa msamaha.