Mafiga ya Tata Igoki

Visa kama hiki watu hupenda kuvianza kwa kusema vilimpata jirani, au binamu ya rafiki yao. Nami nimekisimulia hivyo mara nyingi nikiwa kazini, nikimtwika fundi mwingine ambaye hakuwahi kuwepo. Leo simsingizii mtu. Fundi ni mimi, Runji, na nyumba ni ya Tata Igoki, dada mkubwa wa mama yangu, kule Kibugu juu, mahali mashamba ya chai yanapokutana na msitu.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Tata alinichukua akanilea pamoja na mwanawe, Njeru. Tulikula sufuria moja, tukachapwa kwa mwiko mmoja, na mgeni akiuliza nani ni mtoto wa nani, Tata alikuwa anasema, "Wote ni wangu, na wote ni wasumbufu." Njeru alijaliwa kichwa cha vitabu akapata kazi Nairobi. Mimi nilijaliwa mikono. Sioni haya kujisifu: naezeka, napiga mbao, na tangu sola zianze kuingia vijijini, hakuna paa la kuanzia Kibugu hadi Embu mjini linalonishinda.

Mwaka wa 2012, mwezi wa sita, Tata aliteleza kwenye shamba la chai akavunjika nyonga. Akalazwa hospitali huko mjini. Wiki ya pili Njeru akanipigia simu.

"Runji, mama akirudi sitaki akanyage ile matope ya mlangoni. Mjengee veranda ya mbao, pana, na njia ya kiti cha magurudumu. Weka sola nyumba yote. Ile jikoni ya moshi bomoa, tumjengee ya kisasa. Jumamosi ya mwisho wa Julai namleta na watu wa kanisa. Iwe sapraizi."

Sapraizi gani kwa Tata Igoki? Nilipoenda kumwona alikuwa ameshajua kila kitu. Alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikiwa bado na weusi wa chai kwenye mikunjo.

"Jengeni," akasema. "Hiyo taa ya jua nitaipenda. Ukuta wa jikoni toa, bati toa. Lakini mafiga yangu, Runji, hapana. Funika na bati mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Tata."

"Sema ndio."

"Ndio, Tata."

Nieleze kidogo, kwa ajili ya wale waliokulia kwenye meko ya gesi. Kwetu, mwanamke akiolewa, mama mkwe wake humwekea mafiga matatu jikoni kwa mkono wake. Mawe hayo hayahamishwi ovyo. Hung'olewa akiwa amefukuzwa na mume, au akiwa amekufa. Kumng'olea mwanamke aliye hai ni sawa na kumwambia afe. Sisi vijana wa kanisa tulikuwa tunacheka mambo hayo, lakini tulichekea mbali na mama zetu.

Kazi ilianza vizuri. Tulikuwa wawili, mimi na Mukiri, seremala tuliyesoma naye. Julai ya Kibugu ni ukungu mtupu. Asubuhi hadi jioni huoni boma la jirani, na mbao hazikauki. Tulifunga paneli juu ya paa, betri na taa, hata soketi ya redio ya Tata kando ya kitanda. Kisha tukashuka kwenye veranda. Nguzo tatu za mbele zilikuwa zikae juu ya vitako vya zege, kwa sababu nguzo ikigusa udongo wetu mwekundu, miaka mitatu imeoza. Lori lililobeba vitako hivyo likakwama kwenye matope huko chini, Jumatano nzima, na Alhamisi pia.

Hapo ndipo shetani aliponipata, na sikumpa kazi kubwa. Nilisimama kwenye jikoni ambayo haina ukuta wala paa tena, nikayatazama yale mafiga. Yalikuwa matatu. Yamekaushwa na moto wa miaka arobaini na mitano. Juu tambarare. Nguzo zangu zilikuwa tatu.

"Hayo si ya mama?" Mukiri akauliza. "Amekubali?"

"Amesema tutoe."

"Amesema mwenyewe?"

"Wewe Mukiri, unataka akuandikie barua?"

Hakuyagusa. Niliyang'oa peke yangu kwa mtaimbo. Chini ya jivu kulikuwa na makaa mekundu. Nisikilizeni vizuri: Tata alikuwa hospitali wiki ya tano, na hakuna aliyewasha moto pale. Nilichota maji kwenye ndoo nikamwaga. Makaa yakalia muda mrefu sana.

Jioni Njeru akapiga simu kuuliza kazi. Mwishoni akasema, "Na mama hakusema kitu kuhusu mafiga? Najua vile huwa anayapenda."

"Hakusema kitu," nikamjibu.

Ijumaa nilisimamisha nguzo, kila moja juu ya jiwe lake. Zilikaa kama zimechongewa pale. Jumatatu tulikuwa tumepigilia sakafu yote, na nilitembea juu yake nikirudi na kwenda kama mkuu wa wilaya. Ilikuwa kazi nzuri. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ilikuwa kazi nzuri.

Jumatatu hiyohiyo, Ednah, mke wa Njeru aliyekuwa akimwangalia Tata hospitalini, alinipigia.

"Mama anasikia baridi," akasema. "Tumemwekea blanketi nne. Daktari anasema hana homa, hana chochote."

Nikasema ni hewa ya Julai.

Jumanne niliingia kukagua sola. Jua halikuwa limetoka kwa siku nne, na betri ilipaswa kuwa imeisha. Kile kisanduku kinachoonyesha chaji kilisema imejaa. Nikachomoa waya wa paneli. Ikasema imejaa. Nikatazama juu. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, na swichi ilikuwa imezimwa. Taa za sola nilizofunga ni nyeupe, mwanga wake hautikisiki. Ile ilikuwa nyekundu. Ilikuwa inachezacheza, inainuka na kushuka, na vivuli vya viti vilikuwa vinatembea ukutani. Nikasikia harufu ya moshi wa kuni.

Nilimwita Mukiri. Aliangalia mara moja tu. Akakusanya randa na misumeno yake, akaondoka bila kuniuliza malipo yake.

Jumatano nilikwenda hospitali. Tata alikuwa amepungua hadi kitanda kilionekana kikubwa. Ednah alitoka kutafuta chai, tukabaki wawili. Akanong'ona.

"Runji. Mafiga yangu yapo?"

"Yapo, Tata."

"Mbona nasikia uzito hapa?" Akaweka mkono kifuani. "Tangu Ijumaa. Kama mtu amenijengea nyumba juu."

Jamani. Nilikuwa na nafasi hapo. Chumba kilikuwa kimya na macho yake yalikuwa kwangu. Kama ningesema, "Tata, nisamehe, niliyang'oa, nayarudisha leo," leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini niliiona Jumamosi ikija, watu wa kanisa, Njeru akinyoosha kidole kwenye veranda, na mimi nikiwa nimeibomoa. Nikaona aibu. Kwa aibu hiyo tu, si kwa kitu kingine, nikasema, "Ni dawa, Tata. Dawa hufanya hivyo."

Aliniangalia sana. Kisha akageuza uso kwa ukuta.

Alhamisi nilipaka vanishi. Najua mnavyoniona. Nilipaka vanishi siku nzima, tabaka mbili, na nilipofika kwenye zile nguzo tatu mbao zilikuwa na joto. Vanishi ilikauka mbele ya brashi. Nikainama kuchungulia chini ya sakafu. Mbao zilikuwa nyeusi, zimeshika masizi. Mbao za siku sita. Masizi yenyewe yalikuwa mazito, kama ya paa la jikoni la zamani, yamening'inia.

Usiku ule nyumbani sikulala kabla ya kumwambia mke wangu, Cicily. Nilimweleza yote. Hakunifokea. Alisema neno moja: "Rudisha." Kulipokucha Ijumaa nilikuwa Kibugu na jeki ya gari, nyundo na mtaimbo.

Ukungu ulikuwa mzito. Niliweka jeki chini ya boriti ya mbele, nikainua kidogo ili kuondoa uzito. Saa nne na dakika chache. Nikapiga magoti kwenye nguzo ya kwanza, nikachimbua udongo pembeni kwa vidole. Nilitaka kushika jiwe.

Sikushika kitu.

Nikasukuma mkono zaidi. Ukapita. Ukatokea upande wa pili. Nguzo ilikuwa inaning'inia, na kati yake na udongo kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Udongo wa chini ulikuwa wa moto. Nikakimbilia ya pili. Hakuna. Ya tatu. Hakuna.

Nikateremsha jeki. Taratibu. Nikaitoa kabisa. Veranda haikushuka hata unywele mmoja.

Nikarudi nyuma hadi kwenye chai. Nikaita, "Tata." Sijui kwa nini niliita. Ndani ya nyumba, ambamo hamkuwa na mtu, mwiko uligonga ukingo wa sufuria. Mara mbili. Vile Tata hugonga akimaliza kukoroga.

Simu ikalia mfukoni. Ednah alikuwa analia, lakini kulia kwake kulikuwa kwa ajabu, kama mtu anayeshukuru.

"Mama ametuacha, Runji. Sasa hivi. Asante kwa kuja. Asante sana."

Sikuelewa. Nilichukua pikipiki ya kwanza. Nilipofika wodini, Njeru alikuwa ameshafika kutoka Nairobi kwa ajili ya ile sherehe, akanikumbatia mbele ya kila mtu, akanililia begani. Muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akanishika mkono.

"Wewe ndiye wa asubuhi," akasema. "Nilitaka kukukataza, kwa sababu wodini hatuingizi mawe. Lakini mama alivyoyaona alicheka. Akasema, 'Sasa nimepata joto.' Ukayapanga chini ya kitanda, ukatoka bila kusema kitu. Dakika kumi hivi, akapumzika."

Niliinama kuangalia chini ya kitanda. Yalikuwepo. Matatu, yamepangwa kama yanangoja sufuria, na udongo mwekundu wa Kibugu ulikuwa bado umeyashika ubavuni. Chini yake simenti ya wodi ilikuwa imeingia weusi.

"Ulijuaje anayataka?" Njeru akaniuliza. "Hakuwahi kuniambia. Mimi mwanawe."

Nilisema nahitaji maji, nikatoka. Nilikwenda moja kwa moja mlangoni, kwa bawabu, nikaomba kuona kitabu cha wageni. Jina langu lilikuwepo. Saa nne na dakika kumi. Mwandiko ulikuwa wangu, ile R yangu yenye mkia mrefu, na sahihi ninayoweka nikichukua mbao kwa mwenye duka. Kwenye safu ya sababu za kuja, ambapo wengine wote walikuwa wameandika "kuona mgonjwa", palikuwa pameandikwa: "Kurudisha nilichochukua."

Sikujua kwamba Njeru alinifuata. Alikuwa anasoma juu ya bega langu.

"Kurudisha?" akasema. "Ulikuwa umeyachukua ukayapeleka wapi?"

Mtu akijaliwa nafasi ya pili ya kusema ukweli, nadhani ni huruma ya Mungu. Ya tatu, sijui tuiite nini. Niliutazama uso wa ndugu yangu, umevimba kwa machozi, nikafungua mdomo.

"Niliyatoa tu jikoni asubuhi, nikayaleta," nikasema. "Nilijua angeyataka."

Akanikumbatia tena.

Tulimzika Tata kwenye shamba lake, na mafiga yakawekwa kichwani mwa kaburi. Njeru ndiye aliyetaka niyabebe mimi. Watu wote waliyagusa wakasema ni mawe baridi. Mimi nilitokwa na malengelenge kwenye viganja vyote viwili, nikavaa glavu za kazi hadi Septemba, nikasema ni simenti.

Veranda ipo mpaka leo. Njeru amestaafu, anaishi pale na Ednah, na jioni hukaa hapo na wageni wao wakinywa chai. Mara tatu nimekwenda kisirisiri nikamwaga zege chini ya zile nguzo. Mara tatu nimekuta zege limepasuka na kusogezwa pembeni, na mkono wangu unapita chini ya nguzo kama siku ile. Mvua kubwa zimepita, na ng'ombe wa jirani amewahi kuigonga kwa ubavu. Haijalegea msumari mmoja. Njeru huwaambia wageni kwamba ndugu yake hujenga vitu visivyoanguka, halafu wananigeukia wote wakinitabasamia. Mimi kila nikipanda Kibugu, kuanzia barabarani, huwa naomba nikute imeanguka.