Ukuta Uliokamilika Mara Mbili

Asubuhi hiyo duka la vifaa vya ujenzi lilifurika. Huyu anadai misumari, yule saruji, na katikati ya njia alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akipapasa mbao moja moja kama anayechagua kitambaa cha suti.

"Kaka, unanunua au unazibembeleza?" sauti ya kike ikamuuliza kwa nyuma.

Aligeuka akakutana na dada mwenye ovaroli ya bluu, kilemba cha njano na hereni zinazometa. Vumbi la saruji lilikuwa mpaka kwenye kope. Alikuwa fundi plasta mwenye mafundi sita chini yake, na kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake mzazi.

"Natafuta zenye mistari mizuri. Ni za kumwagia zege."

Fundi alicheka mpaka muuza duka akageuka. "Mbao za zege si hutupwa! Unazichagulia uzuri wa nini?"

"Nipe namba ya simu nikueleze."

"Ehe! Kumbe mjanja."

Namba akampa. Maelezo ya mbao hayakuja kamwe, maana jioni ile walikuwa na mazungumzo matamu zaidi.

Yule bwana alikuwa msanifu wa majengo. Aliyapenda ya zege tupu, bila plasta wala rangi, ndiyo maana mafundi walimbatiza jina la Zege. Miezi saba walipendana na kutaniana kila siku kwenye simu.

"Laazizi, plasta ni vipodozi vya ukuta," angesema Zege akicheka.

"Na muuza vipodozi ndiye anayekunyima usingizi," angejibu Fundi, na mazungumzo yangeishia kwenye vicheko.

Kisha maktaba ya shule aliyoisanifu Zege ikakaribia kufunguliwa. Wiki ya ufunguzi, mkandarasi aligombana na Zege, akaondoa watu wake. Siku ileile Zege akaitwa hospitali alikolazwa baba yake, akaondoka mbio. Fundi, kwa mapenzi yake, alipita kuangalia kazi imefikia wapi. Alipouona ukuta mkubwa wa ndani, alishika kichwa. Ukuta mzima ulikuwa na alama za mbao, mistari juu ya mistari. Zege tupu lenyewe si huwa laini? Masikini mpenzi wangu, aliwaza, wamemtelekeza na aibu hii! Akawaita mafundi wake wote sita. Siku mbili walifanya kazi bila kuinua kichwa, na Ijumaa ukuta ukawa laini kama ganda la yai.

Zege alirudi mchana huo. Baba yake alikuwa ameruhusiwa, na Zege aliingia akitabasamu. Kisha akasimama.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mpenzi. Nilitaka nikushangaze."

Aliweka kiganja ukutani. "Chini yake... mliudonoadonoa?"

"Lazima. Usipoudonoa kwa patasi, plasta haishiki."

Zege akaketi sakafuni. Machozi yalimlengalenga. Baadaye akainuka, akatoka bila kuaga, na simu yake haikupokelewa jioni nzima.  Fundi akampigia dada yake mkubwa.

"Dada, hivi mtu ukimwogeshea mtoto wake, anakasirika?"

"Inategemea, mdogo wangu. Mtoto alikuwa mchafu?"

Swali hilo likazidi kumvuruga.

Jumamosi asubuhi simu ikalia.

"Fundi, ule ukuta ulikuwa umekwisha," Zege alisema taratibu. "Mbao zile nilizichagua miezi mitatu. Nilitaka watoto waione mistari ya mti kwenye zege. Sasa umedonolewa, haurudi tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Mara ngapi nimekuambia plasta ni vipodozi?"

"Ulikuwa unacheka!"

"Nilikuwa nacheka, ila nilimaanisha."

Fundi alishusha pumzi. "Kwa hiyo miezi saba ulikuwa unaidharau kazi yangu, nami nakuchekea?"

 Fundi akakata simu. Alijua ameharibu kitu kisichorekebishika, na alijua pia kwamba ametukanwa. Hakujua nani amwombe nani radhi. Alimpenda, na hilo ndilo lililomchanganya kuliko yote.

Mchana huo alivaa gauni lake la kijani, akaenda kwenye ufunguzi kwa kisingizio cha kufuata ndoo na miiko yake. Alimkuta mwalimu mkuu akizungusha wageni, Zege kando yake, uso umemsawajika.

"Huu ukuta umetulia!" mwalimu mkuu alisema, akiupigapiga. "Msanifu, hizi nyingine mtazimalizia lini?"

Wageni wakaangua kicheko. Fundi alimtazama Zege akimeza mate, na ushindi ule ukamchoma yeye.

"Mwalimu," akasema mbele ya wote, "hizo nyingine zimeshakwisha. Huu ndio ulioharibika. Niliuharibu mimi."

"Hapana," Zege akadakia. "Asubuhi nimeumulika kwa tochi toka pembeni, mwisho hadi mwisho, natafuta bonde hata moja nipate la kukasirikia. Sikuliona. Mwalimu, huyu aliyeupiga ni mchumba wangu."

"Mchumba wa nani?" Fundi akang'aka. "Umeniposa lini?"

"Sasa hivi."

"Hata radhi hujaomba!"

Zege alimsogelea. "Naomba radhi, Fundi. Niliiona kazi yako kuwa ya kufunika makosa ya watu. Miezi saba sikuwahi kuja hata siku moja kukutazama ukiifanya."

Fundi akakumbuka siku ile ya dukani. Hata yeye hakuwahi kumuuliza tena habari za mbao zake.

"Nami unisamehe ukuta wako," alisema. "Lakini jibu la posa sitoi hapa. Jumatatu saa moja, saiti yangu. Uje na nguo za kuchafuka. Ukimaliza ukuta mmoja, nitakujibu."

Jumatatu Zege alifika kabla ya mafundi wote. Plasta yake ilianguka mara tatu siku hiyo, na Jumanne ikaanguka tena. Ndiyo yake aliipata Jumatano, saruji imemjaa mpaka masikioni, ukuta ukiwa bado haujafika hata nusu.